Namba Nne

Walinibandika vitufe thelathini na tisa
vya ukubwa wa gololi: magotini, viwikoni, visiginoni,
na kimoja utosini, juu ya kitambaa,
maana kitambaa nilikataa kukivua.
Kijana Wekulo aliona haya kunigusa nyonga,
akamwita msichana.
Shilingi mia tano na soda. Ndivyo nilivyofika
ukumbi ule nyuma ya posta, Kakamega,
viazi vyangu nikamwachia jirani wa kibanda.

Tembea, mama. Nikatembea.
Inua ndoo. Ndoo tupu, nikaiinua kama iliyojaa;
mkono hauna habari za utafiti.
Pita kutoka huku mpaka kule
kana kwamba unaingia nyumbani.
Nikapita.

Wiki mbili baadaye wakaniita tena,
wakanikalisha mbele ya skrini pana kama shuka.
Vikaragosi vitano. Rangi ya jivu,
bila uso, bila titi, bila umri,
vipara kama mayai.
"Mmoja ni wewe," akasema. "Yupi?"

Sasa fikiria. Mimi sijawahi kujiona nikitembea.
Kioo changu ni cha kiganjani,
kinatosha jicho na nusu ya shavu.
Nyani haoni kundule: tulitaniana hivyo utotoni,
na hapa naambiwa nilitafute la kwangu
kati ya matano yaliyopakwa jivu.

Wa kwanza alirusha miguu kama askari
ambaye mshahara umeingia.
Wa tatu, mtoto wa shule tu,
magoti yake hayajawahi kubeba kitu.
Wa tano sikumtazama sana.
Wa nne akaja.
Si jicho lililomjua. Bega langu ndilo lilishtuka kwanza,
kama mtu aliyeitwa jina la utotoni sokoni.
Ndoo ilipopanda, kiuno changu kilipanda nayo
pale pale kitini.
Halafu akafika katikati ya sakafu tupu,
isiyo na ukuta, isiyo na chochote,
akainamisha kichwa,
akapita,
akakiinua.

Mlango wa jikoni kwa mama, Chavakali.
Boriti yake ilikuwa chini.
Ilinipasua paji la uso mwaka ule niliorefuka ghafla,
na shingo ikajifunza.
Jiko lilibomolewa, mabati yakauzwa,
pale sasa pana migomba ya mtu mwingine.
Shingo haijaambiwa.

"Namba nne," nikasema. Wekulo akaandika.
Nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

Ila namba mbili.
Namba mbili alikuwa bado njiani,
mzito, akivuta kisigino cha kulia,
na alipofika katikati
naye akainama.
Hakuinama kichwa peke yake kama mimi.
Alikunja magoti, akashuka mzima mzima,
mgongo wima,
kama afanyavyo binti mkubwa anayebebeshwa wadogo zake,
kwa kuwa mtoto wa mgongoni naye ana kichwa.
Wa mwisho kubebwa pale nilikuwa mimi.

Mideva.
Miaka tisa hatusemezani, kisa cherehani ya mama
ambayo sasa hata sindano haina.
Tukikutana njia ya Mudete mmoja wetu huvuka barabara.
Sikujua kwamba alikuja hapa Jumatatu.
Sikujua kuwa kisigino kinamsumbua.

"Na huyu namjua," nikamwambia kijana.
Akasema swali lilikuwa moja tu, mama, na umelipata.
Andika, nikasema.
Akanigeuzia fomu nijionee: hakuna nafasi.

Nikamwomba arudishe nyuma kidogo.
Akarudisha. Kikaragosi cha jivu kikakunja magoti,
kikashuka, polepole, kwa uangalifu wote ule,
na mgongoni mwake hapakuwa na mtu.

Rudisha tena, nikasema.